Orodha Ndani ya Orodha: Jinsi ya Kuipima Programu ya Ushirika

Mnunuzi wa kahawa anayeijua kazi yake mjini Mbale hadanganyiki na gunia. Anaomba sampuli, anaikaanga, anaisaga, anaionja. Programu za kompyuta zinazouzwa kwa vyama vya ushirika hazipati jicho la namna hiyo; hizo zinanunuliwa kwa kutazama gunia. Muuzaji anafungua kompyuta yake mbele ya kamati, anaonyesha dirisha lenye rangi za kupendeza na wakulima watano wa kubuni, kila mmoja na kilo zake, jumla chini. Kamati inaridhika, mkataba unatiwa saini. Msimu ukichanganya, karani anagundua kwamba jumla ya kwenye skrini hailingani na ya daftarini, na hakuna anayeweza kumwambia kosa liko wapi.

Mara nyingi kosa liko mahali pamoja: kwenye orodha iliyomo ndani ya orodha nyingine. Shughuli zetu huku mashariki mwa Uganda karibu zote zimejengwa hivyo. Bugisu Cooperative Union, chama kikuu kilichoanzishwa mwaka 1954, kimesimama juu ya vyama vya msingi vilivyotapakaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Chama cha msingi kina wanachama, mwanachama ana mizigo aliyoleta msimu huu, na mzigo una malipo yake. Ukishuka Jinja, kwenye miwa, mambo ni hayohayo kwa majina mengine. Kiwanda cha Kakira kinasaga miwa tangu mwaka 1930, na mkulima wa nje anayelisha kiwanda ana vipande vya shamba. Kila kipande kina mavuno yake, ya miwa iliyopandwa na ya machipukizi yanayofuata. Kila mavuno yana malori yaliyopita kwenye mizani. Programu inayoonyesha wakulima watano kwenye jedwali moja haijaonyesha chochote. Ubora wake utaujua ngazi ya tatu na ya nne.

Kuna watakaouliza kwa nini tuhangaike na programu za mezani wakati kila kitu kinahamia kwenye intaneti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Kahawa haikungoja, miwa haikungoja. Programu iliyokaa ndani ya kompyuta ya ofisi iliendelea kupokea mizigo. Kwa chama kilichoko mlimani hiyo ni sababu tosha, na ndiyo maana ufundi huu unastahili kupimwa kwa makini.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe. Katika mtindo uliozoeleka tangu Microsoft ilipotoa WPF, mfumo wake wa kujengea programu za mezani, mwaka 2006, mwandishi wa programu hajazi kila kisanduku kwa mkono. Anakiagiza kisanduku: tazama sifa ya mzigo huu inayoitwa Uzito, ikibadilika, nawe ubadilike. Hilo ndilo fungamano la data. Likishika vizuri linampunguzia mwandishi kazi chungu nzima. Lisiposhika, halipigi kelele. Programu haianguki, onyo halitokei. Kisanduku kinabaki kitupu, basi. Mkulima aliyeshuka na mzigo wake kutoka Bududa anaona nafasi tupu mbele ya jina lake, na karani hawezi kujua kama uzito haukuandikwa au umeandikwa lakini hauonekani. Kwa maoni yangu hilo ni kosa baya kuliko programu kuzimika, kwa sababu programu iliyozimika angalau kila mtu anaiona.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kuusikiliza ukimya huo. Mfumo huandika malalamiko yake kwenye dirisha la matokeo la Visual Studio, programu ambamo msimbo huandikwa, mahali ambapo mteja hafiki. Mwombe mwandishi aiendeshe programu kutoka kwenye msimbo wake, mbele yako. Afungue kila dirisha, apanue kila tawi hadi kwenye malipo, kisha mhesabu pamoja mistari inayoanza na maneno System.Windows.Data Error. Huhitaji kujua kuandika programu ili kuhesabu mistari. Utaambiwa kwamba hiyo ni kawaida, haina madhara. Ipo kweli michache inayoandikwa dirisha linapojengwa, kwa makosa yanayojirekebisha yenyewe baada ya kitambo, lakini fundi anayeijua kazi yake atakueleza kila mmoja umetoka wapi. Asiyeweza kueleza hajawahi kuisoma.

Mwenye kujifunza kazi hii na ausome mstari wenye namba 40, ndio unaorudi mara nyingi kuliko yote. Unataja sifa iliyotafutwa, na unataja aina ya kitu ambamo ilitafutwa ikakosekana. Hayo mawili yanatosha kutambua ugonjwa. Tuseme umeandikiwa kwamba BeiKwaKilo haikupatikana ndani ya Mzigo. Bei si mali ya mzigo. Ni mali ya msimu, au ya chama. Lakini kila unapoingia orodha ya ndani, kile WPF inachokiita DataContext, yaani kitu ambacho mafungamano yote ya mstari huo yanakitazama, kinabadilika na kuwa kipengele cha orodha hiyo. Ukiwa kwenye mstari wa mzigo, unatazama mzigo na hakuna kingine. Ukitaka kitu cha ngazi ya juu, lazima useme waziwazi kwamba unapanda, kwa RelativeSource ya kumtafuta mzazi wa aina fulani. Wanaoanza husahau kupanda. Wasiojua kuandika programu wataitambua dalili kwa macho: safu ya bei ni tupu kwenye jedwali la ndani ilhali bei ileile inaonekana vizuri juu ya dirisha, au kitufe cha Futa kilicho ndani ya mstari kinabonyezwa na hakifanyi lolote.

Kuna kosa la jirani lake ambalo nalitaja kwa haraka. Fungamano hutazama sifa za hadharani, halitazami vigezo vya kawaida vya darasa. Mwandishi akisahau kuandika Uzito kuwa sifa, msimbo unapita, programu inafunguka, na kisanduku kinabaki kitupu.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na nashauri kisifanywe kwa pupa. Fungua tawi la chama kimoja, kisha la mwanachama mmoja, mizigo yake ionekane. Ongeza mzigo wa kilo 48. Usiguse kitu kingine chochote. Tazama mambo manne: mstari mpya, jumla ya mwanachama, jumla ya chama chake, na jumla ya chama kikuu juu kabisa. Yote manne yanapaswa kubadilika papo hapo.

Mstari mpya usipotokea kabisa, mwandishi ametumia orodha ya kawaida ambayo haimwarifu mtu. Dawa yake ni ObservableCollection, na si kosa la kutisha. Linatibika kwa dakika chache. Mstari ukitokea na jumla zikabaki palepale, hapo tumefika kwenye kiini. ObservableCollection hutangaza nani ameingia na nani ametoka. Kinachokipata kipengele kikiwa ndani haikijui. Rudi basi kwenye mzigo uleule, usahihishe 48 iwe 84, kama karani afanyavyo kila siku anapokuwa amegeuza tarakimu. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Orodha imenyamaza. Habari ya badiliko hili lazima itangazwe na mzigo wenyewe kwa njia ya INotifyPropertyChanged, mwanachama awe amekaa akiisikiliza, naye atangaze jumla yake mpya ili chama kisikie, na chama kitangaze ili chama kikuu kisikie. Ngazi moja ikikosa kupokea, habari inaishia hapo, na zilizo juu yake zinabaki na hesabu ya zamani. Programu nyingi hupita kwenye kilo 48 na kuanguka kwenye 84.

Aliyepita hapo mpe jaribio gumu zaidi. Hamisha mzigo kutoka kwa mwanachama mmoja kwenda kwa mwingine, kama vile ungefanya mzigo ukiwa umeandikwa kwa mtu mwenye jina linalofanana, na majina yanayofanana mlimani ni mengi. Kisha badilisha uzito wa mzigo huo uliohama. Jumla ya mwanachama mpya isogee. Ya yule wa zamani isitikisike. Ikitikisika, mwandishi alimwekea mwanachama wa zamani sikio la kuusikiliza mzigo na hakuliondoa mzigo ulipoondoka. Kosa hili linajificha. Halionekani kwenye maonyesho ya muuzaji, na jumla zake huonekana za kweli kwa wiki kadhaa. Pamoja na hayo, masikio yasiyoondolewa hushikilia vitu vya zamani kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikawa programu iliyofunguliwa asubuhi inatambaa ifikapo jioni.

Utakutana na waandishi wanaokwepa kazi hiyo yote kwa kuweka kitufe cha Onyesha Upya. Ninakihesabu kitufe hicho dhidi yao. Maana yake karani amepewa kazi ya kukumbuka kile ambacho programu ilipaswa kukumbuka, na siku yenye foleni ndefu atasahau. Kitazame pia kinavyofanya kazi: kikibonyezwa, je, matawi yote yanajifunga, mstari uliokuwa umechaguliwa unapotea, skrini inarudi juu kabisa? Basi orodha nzima imetupwa na nyingine mpya imewekwa. Karani aliyekuwa amefika kwa mkulima wa mia mbili anaanza kumtafuta upya. Fundi bora hugusa tu kilichobadilika, na hali ya tawi, limefunguka au limefungwa, huifungamanisha na data ili isipotee.

Kuna ubaya hata zaidi ya huo: orodha mpya inawekwa mahali pa ya zamani bila kutangazwa. Skrini inaendelea kushikilia ya zamani. Ukileta faili la msimu mpya, hakuna kinachoonekana hadi ufunge programu na kuifungua tena. Ukisikia makarani wa ofisi fulani wanasema "ifunge uifungue itakaa sawa", hapo umepata jibu lako.

Wanaotumia mifumo mingine, kama JavaFX au Avalonia, watakuta majina mengine, lakini majaribio ni yaleyale. JavaFX hata inakuruhusu kuiambia orodha, tangu inapoundwa, ni sifa zipi za vipengele vyake izisikilize, na katika .NET yenyewe, msingi wa WPF, kuna BindingList inayotangaza mabadiliko ya ndani ya kipengele. Anayezijua njia hizi na kuweza kueleza kwa nini amechagua mojawapo ni mtu wa kuajiri.

Kipimo cha tatu kinachukua muda mfupi sana, na nimeona kikiwaumbua watu wenye vyeti vizuri. Andika uzito kwenye kisanduku. Bila kutoka kwenye kisanduku hicho, bila kubonyeza Tab, chukua kipanya ubonyeze Hifadhi kwenye upau wa zana ulio juu. Funga, fungua, tazama. Uzito wa mwisho upo? Katika WPF kisanduku cha maandishi hupeleka thamani yake kwenye data pale tu kinapopoteza mwelekeo, na upau wa zana una himaya yake ya mwelekeo, hivyo kuubonyeza hakukifanyi kisanduku kijione kimeachwa. Kinachohifadhiwa ni thamani ya zamani. Mkulima wa mwisho kwenye foleni kila jioni, ambaye karani alimwandika kisha akahifadhi na kufunga ofisi, ndiye anayepotea.

Baada ya hapo omba data nyingi. Si tano, si hamsini. Makumi ya maelfu ya mistari, kama ilivyo kweli. Ili jedwali refu lisilemee, mfumo hujenga mistari inayoonekana tu, na kwa kawaida huitumia tena mistari ileile unaposogea chini. Hapa dalili ni mbili. Ya kwanza ni uzito: dirisha likichukua muda mrefu kufunguka, huenda mwandishi amelifungia jedwali ndani ya fremu ya kusogeza inayolipa urefu usio na mwisho, hivyo mistari yote inajengwa kwa mpigo. Kwenye muundo wa mti, ule wa TreeView, ujenzi wa kuonekana tu haujawashwa kwa kawaida. Lazima mtu auwashe, na wengi hawajui. Dalili ya pili ni ya hatari. Weka alama ya tiki ya "amelipwa" kwa wakulima watatu walio juu, teremka mbali, kisha tazama. Ukikuta tiki mbele ya watu ambao hukuwagusa, tiki hiyo haikufungamanishwa na mkulima bali imebaki kwenye mstari wa skrini, na mstari umehamia kwa mtu mwingine. Programu yenye dalili hii isitumike kulipa mtu hata siku moja.

Kwa Mbale nina kipimo cha ziada ambacho watengenezaji wa mbali hawakifikirii. Mipaka yetu inahama. Sironko ilikatwa kutoka wilaya ya Mbale mwaka 2000, Manafwa mwaka 2005, Bududa ikatoka Manafwa mwaka 2006, Bulambuli ikatoka Sironko mwaka 2010, na tarehe 1 Julai 2020 Mbale na Jinja zikawa majiji. Mti wa wilaya, gombolola, parishi na kijiji ulioandikwa kana kwamba hautabadilika utavunjika. Chagua chama kimoja cha msingi, kihamishe kutoka wilaya moja kwenda nyingine, matawi yote mawili yakiwa wazi. Kitoweke kule na kitokee huku kwa wakati mmoja, kikiwa na wanachama na mizigo yao, na jumla za wilaya zote mbili zirekebike. Kikionekana pande zote mbili, hata kwa dakika moja, kuna nakala mbili za kitu kimoja, na siku moja karani mmoja atasahihisha nakala hii na mwenzake atasahihisha ile.

Jinja nako kuna mizani. Mizani ya malori hutuma uzito kwenye kompyuta kwa waya, na taarifa hizo huingia kwa uzi wa kazi tofauti na ule unaomiliki skrini. WPF ina tabia ambayo lazima ujue: sifa moja ikibadilishwa na uzi mwingine, mfumo huisafirisha wenyewe hadi kwenye skrini, lakini orodha ikibadilishwa na uzi mwingine, mfumo hukataa na kutupa kosa. Ndiyo maana utaona programu ambayo tarakimu za uzito zinacheza vizuri lori likipanda kwenye mizani, lakini lori halijiandiki kwenye orodha ya mavuno ya shamba husika, au programu inaanguka papo hapo. Kuanguka afadhali. Mbaya ni ile ambayo mwandishi amelimeza kosa ili lisionekane, lori likapita bila kuandikwa. Tangu .NET Framework 4.5 ya mwaka 2012 ipo EnableCollectionSynchronization ya kulitatua hilo, na kabla yake tayari iliwezekana kuikabidhi kazi kwa Dispatcher wa skrini. Mwache dereva apime malori kadhaa mfululizo, uhesabu kwa mkono, kisha ulinganishe.

La mwisho ni tarehe, nalo ni dogo lakini linauma. Fungamano la WPF lisipoambiwa lolote huandika tarehe kwa mtindo wa Marekani, hata kama kompyuta yenyewe imepangwa kwa mtindo wetu. Mzigo wa tarehe 3 Aprili unaandikwa 4/3, na kila mtu hapa anasoma tarehe 4 Machi. Weka mzigo wa tarehe iliyo chini ya 13 utazame stakabadhi.

Wanakamati, majaribio haya yote yanakamilika katika asubuhi moja, kwa data yenu wenyewe na karani wenu akiwa ndiye anayeshika kipanya, si muuzaji. Yaandikeni kwenye mkataba, pamoja na sharti la kukabidhiwa msimbo, na awamu ya mwisho ya malipo msiitoe kabla jumla za msimu mmoja kamili hazijalingana na daftari.